Nguzo za Nyumba ya Mama

Dada yangu Zipora hajui kuomba radhi na hajui kukubali kushindwa, na kwa miaka mingi nilizihesabu hizo kuwa kasoro mbili. Siku hizi sina uhakika. Niliyoyaona Mkonze mwaka jana, kuanzia Agosti mpaka mvua ya kwanza, yamenifanya ninyamaze kila ndugu wanapoanza kumsema kwamba ana kichwa kigumu. Ni kweli anacho. Kingekuwa laini, mama yetu leo angekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwangu, akisubiri kufa.

Mama anaitwa Jenifa. Anaishi kwenye nyumba ya tembe aliyoijenga marehemu baba wakati Mkonze ni mashamba ya uwele na mtama, kabla mji wa Dodoma haujatufuata. Kwa aliyekulia kwingine niseme tu kwamba tembe haina paa la mgongo. Nguzo zimechimbiwa ardhini, vichwani zina panda. Juu ya panda imelazwa miamba, yaani magogo marefu ya kubeba paa, juu ya miamba fito, na juu ya fito udongo. Kuta nazo ni miti na fito, zimekandikwa udongo. Ni nyumba ya miti iliyovaa nguo ya udongo. Sasa hivi imezungukwa pande zote na nyumba za tofali na mabati ya rangi, na wapo majirani wapya wanaopita wakiipiga picha kwa simu, jambo ambalo zamani lilikuwa linaniudhi sana.

Mama haoni. Presha ya macho ilimmaliza taratibu, na tulipompeleka hospitali tulikuwa tumechelewa. Lakini ndani ya nyumba yake humwambii kitu. Mkono wa kushoto unapapasa ukuta, unaikuta nguzo ya mlangoni yenye fundo, unaiacha, unaikuta ya pili ambayo ni laini kama mpini wa jembe la zamani, na akifika ya nne anajua kwamba kulia kwake kuna mtungi na mbele yake kuna jiko. Anachota maji, anachochea moto, anakwenda kitandani, anarudi. Kuna mchungaji mgeni aliyekaa naye saa nzima, akapikiwa chai na kumiminiwa, asijue kwamba aliyemmiminia haoni.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana bila hiyo hakuna habari.

Mwaka 2011 nilipandishwa cheo. Usidhani ni cheo kikubwa. Ni mtunza kumbukumbu pale Chamwino, lakini nilikuwa nimeanza kuvaa tai, na mtu aliyeanza kuvaa tai ana matatizo yake. Wenzangu wakinitembelea kwetu, naona haya. Tembe! Nikaleta fundi na saruji, tukapiga lipu ukuta wote wa nje, kutoka juu mpaka chini kabisa ardhini, tukapaka na rangi ya maziwa. Juu ya mlango, lipu likiwa bado bichi, nikachukua msumari nikaandika mwaka. Ndani mama alikataa. Alisema, "Nje ni kwa wapita njia, fanyeni mtakavyo. Ndani ni kwangu, msipaguse." Basi tukamaliza nje, majirani wakapiga vigelegele, nami nikapiga kifua.

Kabla ya hapo, kila mwaka baada ya mavuno, wanawake wa ukoo walikuwa wanakuja kukandika. Wanakanyaga udongo kwa miguu, wanachanganya na samadi ya ng'ombe, wanaupaka ukuta upya kwa viganja huku wakisengenyana na kucheka. Nilidhani nimewakomboa na kazi ya kuchosha. Nilimwambia mama, "Sasa pumzika." Sikujua kwamba wale wanawake, pamoja na maneno yao mengi, walikuwa wanaukagua ukuta shubiri kwa shubiri. Njia ya mchwa wakiikuta wanaivunja. Nguzo ikilegea wanaisikia mkononi. Mimi niliwapa likizo, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna mkono wa mtu ulioligusa lile lipu langu zuri.

Zipora hakuwepo wakati huo. Amenizidi miaka sita. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Castory, mchuuzi wa samaki wakavu, wakaenda kuishi Mtera. Huko ndiko alikofanya kazi ya maisha yake, miaka arobaini ya kuanika na kubanika samaki kando ya bwawa. Na kama hujafika Mtera hujui kichanja ni nini. Ni meza kubwa ya miti, imesimama kwenye tope, na tope linakula mguu wa mti kila msimu. Castory alikuwa mtu wa safari. Vichanja alivisimamisha Zipora. Alijifunza kukata mguu uliooza na kuunga mpya, samaki wakiwa bado juu wanakauka, bila kumwangusha hata mmoja. Kwetu tulikuwa tukimtania kwamba dada yetu kaolewa na samaki. Castory alipofariki, alirudi Mkonze kumtunza mama, na mizigo yake ilikuwa magunia mawili na jeki ya pikapu la marehemu.

Wiki ya kwanza tu alinipigia simu.

"Elisha, ukuta wako unalia debe."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nimesema ukuta unalia debe. Njoo."

Nilikwenda Jumamosi. Akanigongea kwa fundo la kidole, hapa, na hapa, na pale. Kweli ulikuwa unatoa sauti ya kitu kitupu. Nikamwambia saruji ndivyo ilivyo. Akachukua nyundo, akapiga mara moja karibu na ardhi, na kipande cha lipu chenye ukubwa wa mlango kikaanguka miguuni kwetu. Nyuma yake udongo ulikuwa na unyevu wakati wa kiangazi, kiangazi cha Dodoma! Na nguzo, kutoka usawa wa goti kwenda chini, zilikuwa zimekwisha. Mchwa walikuwa wamejijengea barabara zao kwa raha, gizani, chini ya ulinzi wa saruji yangu. Zipora akasukuma kisu cha jikoni kwenye nguzo ya pembeni, kikazama mpaka kwenye mpini.

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma.

Mwezi Agosti pembe ya paa upande wa jikoni ikatitia. Tukamhamisha mama siku ileile, tukampeleka kwangu Chamwino. Nyumba yangu ina vigae sakafuni, korido ndefu na milango ya aluminiamu, na nilijua mwenyewe kwamba ni nzuri. Siku ya pili mama aliteleza kwenye korido akaangukia bega. Baada ya hapo hakuthubutu tena kusimama mwenyewe. Alikaa kwenye kiti pale tulipomweka asubuhi, tukamkuta palepale jioni. Ilibidi mke wangu ampeleke msalani akiwa amemshika mkono, na mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu hata kibiriti, akaanza kupunguza kula na kunywa ili asiwe na haja ya kupelekwa. Kila akiamka alikuwa anauliza, "Niko wapi?" Siku moja nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikie akiuliza. Nakiri hilo pia.

Ukoo ukakaa kikao. Mkubwa wetu ni mjomba Bartolomayo, mdogo wake mama, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache anayependa yaishe haraka. Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa ramani ya nyumba ya vyumba viwili vya tofali, safi, tubomoe tembe tujenge palepale. Karibu wote wakatikisa vichwa kukubali.

"Atajifunza lini kutembea humo?" Zipora akauliza.

"Atazoea," nikasema.

"Ana miaka themanini na tano. Kwako amezoea?"

Nikaanza kuikunja ramani.

"Mjomba," Zipora akasema, "naomba mnipe mpaka mvua ya kwanza. Miamba ya lile paa bado mizima. Nguzo zimekufa miguu tu. Mvua ikinyesha nyumba ikatitia tena, mbomoe, na tofali nitabeba mimi."

Mjomba akamgeukia. "Wewe ni mwanamke wa miaka sitini na moja."

"Sitini na mbili, mjomba."

Watu wakacheka, na mjomba naye akashindwa kujizuia. Akakata shauri: mvua ya kwanza ikipita na nyumba imesimama, Jenifa arudi. Ikitikisika, wabomoaji waje kesho yake, na asiwepo wa kulia. Zipora akaitikia, akajifunga kibwebwe palepale, namaanisha kweli, alisimama akakaza khanga kiunoni, akatoka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulipunguzia paa mzigo. Nilipofika Jumamosi iliyofuata nilimkuta juu, na beleshi, anapakua udongo na kuurusha chini, vumbi limemfanya mweupe mpaka kope. Nilikuwa nimevaa shati la pasi. Akanitazama kutoka juu, akasema, "Umekuja kusoma mita?" Nikavua shati.

Nilimtafutia fundi, Kefa, kijana wa makamo anayefunga kenchi za mapaa ya nyumba za watumishi na kuheshimika kwa hilo. Kefa alizunguka tembe mara moja, akapiga mluzi.

"Mama, samahani, mimi nafunga kenchi. Hii ni ya kung'oa yote. Tuweke nguzo mpya zilizonyooka, tuzipange mstari, hata idadi tutapunguza. Siku nne nimekumalizia."

"Sitaki mstari," Zipora akasema. "Nataka kila nguzo ibaki mahali pake, na kuanzia gotini kwenda juu iwe ileile. Tunaunga miguu."

"Kuunga? Nguzo kumi na tatu? Mama, kuunga ni kazi mara tatu ya kuweka mpya."

"Najua. Nimeunga tangu hujazaliwa."

Kefa akanigeukia mimi kama mwanaume mwenzake, nimwokoe. Nikainua mabega.

Ndipo Zipora akafanya jambo ambalo fundi hakulitegemea. Alivua kilemba chake, akajifunga usoni mpaka machoni, akaingia ndani. Tukamwona anatembea polepole, mkono wa kushoto ukutani. Kila mkono ulipotua kwenye nguzo, alisimama, akachora kwa chaki mahali kiganja kilipogusa. Alikwenda mpaka jikoni, kitandani, mlango wa nyuma, akarudi. Alipomaliza, nyumba nzima ilikuwa na alama nyeupe usawa wa kiuno na kifua, njia yote anayopita mama.

"Hapa pote," akamwambia Kefa, "msumeno wako usifike. Chini yake kata upendavyo."

Kisha akanirushia kile kilemba. "Na wewe."

Sikutaka. Mbele ya fundi, mtu mzima, mtunza kumbukumbu! Lakini nikajifunga. Hatua ya tatu nikagonga kizingiti, ya sita nikakanyaga mafiga. Nilisimama katikati ya nyumba nilimozaliwa, sijui mlango uko upande gani, nina woga wa kitoto kabisa. Halafu mkono wangu ukaikuta ile nguzo laini. Nilijua ni ipi. Ulaini wake umetokana na mkono wa mama. Nilijikuta nalia ndani ya kitambaa, na nilishukuru kwamba macho yamefunikwa.

Kefa alijaribu pia, bila kuambiwa. Alipotoka alikunja mikono ya shati akauliza tu, "Tunaanza na ipi?"

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Wanasimamisha miti miwili ya muda kuushika mwamba, wanaweka jeki chini ya gogo la tatu, wanapandisha kidogo sana, kiasi cha unene wa shilingi, mpaka nguzo iache kubeba. Kefa anaikata chini ya alama, sehemu iliyooza inachimbuliwa yote, hata kama mkono utafika begani shimoni. Mguu mpya wa mti mgumu unachongwa, nusu kwa nusu na ule wa juu, ukae kama viganja viwili vilivyokutana, kisha unatobolewa na kukazwa kwa bolti mbili. Bolti ndefu kiasi hicho hazikupatikana kirahisi. Tulizunguka mjini mpaka dukani kwa Murtaza, ambaye familia yao imeuza vyuma Dodoma tangu babu yake, na alitutolea sanduku la chini ya meza lenye vumbi.

"Za kazi gani, mama?" akauliza.

"Za kuunga nguzo za tembe."

Murtaza akaacha kuhesabu. "Tembe bado ipo? Basi miguu hiyo uipake oili chafu kabla hujachimbia, mara mbili. Nenda gereji pale nyuma, sema nimekutuma mimi, watakujazia galoni."

Siku nyingine nikaja na zawadi yangu. Nilikuwa na hamu ya kusaidia, na mtu mwenye hamu ya kusaidia ndiye wa kuogopwa. Nikashusha mifuko sita ya saruji, tumwagie kwenye mashimo, miguu ikae imara milele. Zipora aliitazama ile mifuko kama mtu aliyemkuta nyoka yuleyule chini ya kitanda kilekile.

"Elisha. Umeileta tena?"

"Ni ya mashimoni tu, dada."

"Saruji inashika maji, mti unakunywa. Shimoni tunaweka mawe na changarawe, maji yapite yaende zake." Akaangalia huku na huku, akaonyesha nyuma ya nyumba. "Peleka kule. Choo hakina sakafu."

Kwa hiyo mchango wangu wa saruji upo chooni, na unafanya kazi vizuri.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba tulipofika kwenye nguzo kubwa ya pembeni mwa jiko, ile ya nne. Hiyo inabeba mwamba mrefu kuliko yote. Kefa alikuwa ameshaikata, mguu wa zamani umetoka, mpya haujaingia. Mimi nilikuwa kwenye jeki. Tukasikia mlio kavu juu yetu, paa likashuka kiasi cha kiganja, udongo uliosalia kwenye fito ukatumwagikia wote. Kefa alikuwa nje kabla sijajua miguu yangu iko wapi. Simlaumu, ana watoto wadogo. Vumbi lilipopungua nikamwona Zipora hajatoka. Alikuwa amekumbatia mti wa muda uliokuwa unainama, bega chini yake.

"Toka!" nikapiga kelele. "Zipora, toka, utakufa!"

"Pandisha jeki."

"Dada..."

"Mti huu ukilala mwamba unakatika. Pandisha, Elisha!"

Nikapandisha. Mtaimbo wa jeki ukaniponyoka mara mbili. Sijawahi kuogopa vile maishani, na nilichokiogopa si paa. Ni kwamba nitakwenda Chamwino kumwambia mama kwamba saruji yangu imemuua na binti yake. Mti ukanyooka. Kefa akarudi na mti mwingine begani, akauegemeza karibu na bega la Zipora, na dada yangu akatoka chini taratibu.

Tukakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Bega lake lilikuwa limechubuka, damu imelowesha blauzi. Nikamwambia imetosha. Nikamwambia nitaongea na mjomba mimi mwenyewe, hakuna atakayemcheka, tutajenga vile vyumba viwili na mimi nitamshika mama mkono kila siku mpaka mwisho. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Alikunywa maji, akajimwagia kichwani yaliyobaki.

"Mwamba umepasuka, haujakatika," akasema. "Kefa, utatafuta mti wa kuufunga ubavuni, bolti nne. Elisha, kanawe uso, unaonekana kama maiti."

Siku ile, kabla jua halijazama, nguzo ya nne ilikuwa imesimama. Zilizobaki zilikwenda upesi. Mbili tu hazikuunganika, kwa sababu ubovu ulipanda mpaka juu ya alama za chaki. Hizo ziliwekwa mpya nzima, kwenye mashimo yaleyale, na Zipora alizisugua kwa kipande cha chupa siku tatu nzima kuondoa ukali wa tezo.

Kisha tukabomoa lipu lote lililobaki. Mwaka wangu wa juu ya mlango niliuvunja mimi kwa nyundo na tindo, vipande vinne vya tarakimu, na nilijisikia vizuri kuliko siku niliyouandika. Wanawake wa ukoo wakaja kukandika. Niliomba nami nikanyage udongo, wakacheka mpaka Restuta, binti wa mjomba, akakaa chini. Wakanikubalia. Zipora alipita nyuma ya kila mmoja akifundisha upya: papasa kwanza, gonga, ndipo upake. Wasichana waliokuja na kucha za rangi walifundishwa sawasawa na wengine.

Udongo ukarudishwa juu ya paa. Tukasubiri.

Mvua ya Dodoma ina maringo. Mawingu yanakusanyika wiki nzima, yanakutisha, yanaondoka. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, Alhamisi mchana, Zipora aliponipigia. "Inakuja. Mchukue mjomba." Nikaaga ofisini kwamba nina msiba, Mungu anisamehe, nikampitia mzee Bartolomayo.

Matone ya kwanza yalitukuta uani. Mjomba akatazama paa, akatazama miguu yake, akasema, "Mimi nitakaa hapa kwa jirani," na kweli akaenda kusimama barazani kwa jirani na fimbo yake. Zipora alikuwa ndani, ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya nne. Hakuniita. Nilisimama mlangoni kidogo. Nilitamani sana ile baraza ya jirani. Halafu nikaingia nikaketi karibu naye.

Ilinyesha saa mbili bila kupumzika. Udongo wa paa ukikolea maji unakuwa mzito kama ng'ombe waliolala juu yako, na nilikuwa najua hivyo, na nilikuwa nahesabu kila sauti. Mwamba uliofungwa ubavu ulilia mara moja. Zipora akaweka kiganja kwenye nguzo, akasikiliza, akasema, "Unakaa tu vizuri." Karibu na dirisha kulidondoka maji, akasogeza sufuria. Basi. Hakuna kingine.

"Ungekuwa peke yako ungebaki humu?" nikamuuliza.

"Sasa ningekaa wapi?"

Mvua ilipokatika mjomba akaja, viatu vimejaa tope. Alizunguka nje, akaingia, akagonga nguzo moja baada ya nyingine kwa fimbo, zote kumi na tatu na nyingine ambazo hazikuguswa. Alichukua muda mrefu. Mwisho akavua kofia yake.

"Mleteni dada yangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti wa kikao.

Tulimleta kesho yake. Alikuwa mwepesi nilipomshusha kwenye gari, mwepesi kuliko alivyokuja kwangu, na hilo liliniuma. Uani alivuta hewa, harufu ya udongo uliolowa na samadi mpya, uso ukabadilika. Nilimshika mkono mpaka mlangoni, kama nilivyozoea Chamwino, nikamwambia ainue mguu, kuna kizingiti. Akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Niache, mwanangu."

Nikamwangalia Zipora. Alikuwa amesimama mbali, amejishika kinywa kwa viganja vyote viwili. Yeye ambaye hakulia hata siku ya bega.

Mama akaingia. Kiganja cha kushoto kikapapasa ukuta, kikaikuta nguzo yenye fundo, kikaiacha. Ya pili, ile laini, akaishika kwa muda, akaisugua kwa kidole gumba. Ya tatu ilikuwa moja ya zile mpya. Akasimama.

"Huyu mgeni," akasema.

"Ndiyo, mama," Zipora akajibu. "Lakini amesimama palepale."

Mama akampigapiga yule mti kama anavyompigapiga mtoto wa jirani kichwani, akaendelea. Nguzo ya nne. Akageuka kulia, akaukuta mtungi, akafunua, akachota kikombe cha maji, akanywa chote, akachota kingine. Halafu akaelekea jikoni kwa mwendo wake wa zamani, haraka haraka, na hatua mbili mbele yangu akasita ghafla.

"Elisha? Ni wewe umesimama hapo?"

"Ni mimi, mama."

"Basi sogea. Umenizibia njia."

Nikasogea.